Mazda Roadster kwa mwenye miguu mirefu

Wengi wanaolijaribu gari hili la watu wawili husukuma kiti nyuma hadi kigome, wanaona magoti bado yanagusa usukani, wanalisusa. Kosa huwa ni kulaza mgongo wa kiti kwanza. Nyuma ya kiti cha Roadster hakuna siti nyingine, kuna ukuta. Mgongo ukilala sana unaugonga ukuta kabla reli haijaisha. Usimamishe kidogo, sukuma tena, na miguu itapata nafasi.

Kisha pima hivi. Kanyaga klachi mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo, lisinyooke. Mabega yakiwa yameegemea, kiganja kifike juu ya usukani bila kujivuta. Kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani kama una eabegi. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama vidole vinagonga paja. Mwisho tikisa kiti kwa nguvu: kikicheza, reli ya upande mmoja haijashika meno, na hapo usiendeshe.

Toleo la kwanza (NA, 1989) na la pili (NB, 1998) usukani wake haupandi wala haushuki, kwa hiyo mrefu ndiye anayeumia. La tatu (NC, 2005) ndilo pana zaidi, na usukani unapanda na kushuka. La nne (ND, 2015) ni dogo tena. Kuanzia maboresho ya 2018 usukani wake unavutwa pia kuja kwa dereva. Kama una mita 1.85 na hutaki kukata kitu, NC inatosha kumaliza mjadala.

Mwenye NA au NB dawa yake ni kupunguza sponji. Kiti kinafunguliwa kwa bolti nne za spana ya 14: kivute nyuma ufungue za mbele, kisukume mbele ufungue za nyuma. Chomoa waya za spika za kichwani, kama zipo. Kwenye NC na ND, kiti chenye eabegi ya pembeni kina plagi ya njano. Toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuigusa. Kitambaa kimeshikwa na pete za waya chini, fundi viti yeyote anazijua. Mwambie akate upande wa chini wa sponji, asiguse juu wala mabega ya kiti, na akate kidogo kidogo huku unakalia kujaribu. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Akichimba sehemu ya makalio tu, mapaja yananyanyuka na magoti yanarudi palepale kwenye usukani. Akizidisha, unakalia vyuma, na safari ya Dodoma hadi Morogoro ya kilomita kama 260 itakuwa adhabu. Wakati wa kurudisha, shikisha bolti zote nne kwa mkono kwanza ndipo ukaze, la sivyo nyuzi za matundu ya bolti zinaharibika kwenye sakafu.

Kutoboa sakafu ili kushusha reli, hapana. Mkanda na kiti vilipimwa pamoja.

Dodoma ina shida yake: vumbi. Turubai likiwa wazi, udongo unajaa kwenye reli, na mtu anapaka grisi ya magurudumu ili kiti kiteleze. Wiki mbili baadaye imegeuka tope. Piga upepo wa kompresa, sugua kwa brashi ya meno, kisha pulizia silikoni inayokauka. Toa pia kapeti ya pili unayoweka juu ya ile ya kiwandani: inakula nafasi ya kisigino, na ikijikunja chini ya klachi, gia haziingii vizuri.