Gereji isiyo na kibao, na mzee aliyenikataza kupiga stata

Nianze na yaliyonikera, maana najua wengi husoma mwanzo tu. Fundi mzee aliyeifufua gari yangu iliyolala miaka, simu hapokei. Risiti hana, hesabu huandika kwa chaki mlangoni, na wewe unaipiga picha. Aliniahidi siku kumi, ikawa wiki nne kasoro siku mbili. Na pahala penyewe, hapa Unguja, ukitokea Amani kwenda Mwanakwerekwe, hapana kibao. Ni mwembe na mabanda mawili ya mabati, utapita mara mbili hujapaona. Jina lake kanikataza kuliandika: "Wakija wengi, mwanangu, nitashindwa kufanya kazi." Basi na tumwite Mzee.

Haya, gari. Ni Eunos Roadster ya 1991, ile Mazda ndogo ya viti viwili, paa la turubai, taa za mbele zinazolala na kuinuka. Nilipokwenda Muscat kikazi niliiacha Bububu kwenye banda la mama nikisema mwaka mmoja. Ikawa minne na nusu. Kila nikipiga simu mama ananiambia gari salama, na kweli ilikuwa salama, ila yeye kaigeuza kabati: makapu juu ya boneti, gunia la mkaa juu ya buti, na kuku mmoja akaona kiti cha abiria ndicho cha kuatamia. Nilipoondoa turubai nilikuta maganda ya mayai, na mama akaniambia, bila haya, kwamba walitoka vifaranga tisa.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na hamu, nikamwita kijana mmoja wa jirani, akaja na betri ya daladala na nyaya. Akafungua boneti, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza: "Kaka, betri umeuza?" Betri ya gari hii hukaa kwenye buti. Nikamfungulia. Akaunga, tukasikia "pa!" kule mbele. Nyaya kazigeuza, fyuzi kuu ya ampea 80 imeungua. Siku ile nilimwona adui. Leo namshukuru, kwa sababu lau angeunga sawasawa tungelipiga stata palepale, na petroli ya miaka minne na nusu ndani ya tangi.

Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameganda, hayavutiki kwa kamba, ikabidi gari ipakiwe kwenye kenta. Mzee aliipokea akiwa amekaa juu ya tairi, anakunywa kahawa. Hakufungua boneti. Alifungua kifuniko cha mafuta, akainama akanusa kama mtu anayenunua samaki.

"Hii umeshaiwasha?"

"Bado, mzee wangu."

"Umshukuru Mola wako. Hii si petroli tena, hii vanishi."

Akanieleza: petroli ikikaa muda mrefu, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka huruka hewani, na inayobaki huharibika ikaacha utando kama gundi. Ukipiga stata, pampu inaunyonya ule utando na kuupeleka kwenye nozeli, vile vitundu vinavyopulizia petroli injini, na nozeli ndipo panapoziba. Walitoa lita 18 hivi, rangi yake chai ya rangi kabisa. Pampu ya gari hii hufikiwa kwa juu, nyuma ya viti, chini ya zulia, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kushusha tangi. Kile kichujio cha chini ya pampu kilitoka cheusi, kimekakamaa. Mzee alikiweka kiganjani mwangu bila kusema kitu, akarudi kwenye kahawa yake.

Sasa hapa ndipo nilipomwelewa. Siku ya pili nilikwenda nikidhani nitasikia injini. Nikakuta plagi zote nne zimetolewa, na Mzee ana bomba la sindano la duka la dawa, anatia oili kidogo kidogo kwenye kila tundu. Kijiko kimoja hivi kila silinda. Akafunika matundu kwa kitambaa, akasema turudi baada ya siku mbili. Siku mbili za kutazama kitambaa! Kutu ya hewa ya bahari, alisema, haichagui. Hata ndani ya silinda huweza kuingia, na ringi za pistoni zikishika ukutani halafu ukazilazimisha kwa stata, ama unazivunja ama unakwaruza ukuta.

Siku ilipofika alinipa spana mimi mwenyewe, akaniwekea kwenye boliti ya puli ya mbele. "Zungusha kama saa inavyokwenda. Ikikataa, acha, usishindane nayo." Mwanzo ilikuwa nzito, nikahisi kama nasukuma jiwe la kusagia. Robo mzunguko. Nusu. Halafu kitu kikaachia, si kwa kishindo, kililainika tu, na nikasikia pumzi ikitoka kwenye tundu la plagi. Alinitaka nizungushe mizunguko miwili kamili ili kila pistoni ipite hatua zake zote nne. Sijawahi kulipa fundi halafu kazi nikafanya mimi, lakini ile robo ya mwanzo bado naihisi mkononi.

Mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha valvu na pistoni, alinishauri tubadilishe kwa sababu mpira umezeeka na una nyufa. Lakini aliniambia ukweli ambao fundi mwengine angeuficha: kwenye injini hii hata mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, utakwama njiani tu. Angeweza kunitisha, hakunitisha. Na akanipa siri ya spea, nami nakupa wewe: ukienda Kariakoo usiulize spea ya Roadster, watakutazama viatu kwanza ndipo wataje bei. Sema unataka mkanda wa injini ya B6 ya kemshafti mbili (twin cam), ile ya Mazda Familia. Niliupata pamoja na rola yake kwa 140,000, ukaja na boti nikaupokea Malindi.

Breki sina maneno mengi: mafuta ya breki hunyonya unyevu, unyevu ukazaa kutu, pistoni za kalipa za nyuma, zile zinazobana breki, zikashika. Zilifunguliwa, zikasuguliwa, zikatiwa mpira mpya. Silinda ya chini ya klachi nayo ilikuwa inavuja, pedali inakwenda chini hairudi, na nasikia huo ndio ugonjwa wa gari hizi. Tairi zilikuwa na meno mazuri, nikabisha. Mzee akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 0815. Wiki ya 8 ya mwaka 2015. Akaikunja ngozi ya tairi kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka. Nikaacha kubisha.

Siku ya kuwasha, saa kumi jioni, nilifikiri sasa ndiyo sasa. Bado! Kwanza kapiga stata plagi zikiwa nje na soketi ya koili, inayotoa cheche, imechomolewa, macho yake kwenye geji ya oili, mpaka mshale ukainuka. Roadster za mwanzo zina geji ya presha ya kweli, si pambo. Ndipo plagi zikarudi. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, ikatoa moshi mweupe wa ile oili ya sindano hadi muuza urojo wa jirani akafunika sufuria zake na kututolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Moshi ulikwisha kama dakika tano hivi. Mlio ukatulia, na Mzee akazima gari, akaenda kutawadha.

Jumla nimelipa shilingi 1,720,000. Za mkono wake ni 480,000 tu. Tairi peke yake zilikula 520,000, zilizobaki ni spea, oili na betri. Betri tuliweka ya kawaida, ila kaifungia hozi ndogo inayotoa mvuke wake nje ya buti. Bila hiyo, alisema, mvuke wa tindikali utakula bati.

Jambo ambalo sikumwomba na sikuwa nalijua: nyuma ya viti, kila upande, kuna tundu la kupitishia maji yanayoshuka kutoka kwenye paa. Matundu yakiziba, maji hurudi ndani na kuozesha bodi kwa chini. Alipitisha waya wa breki ya baiskeli, kikatoka tope jeusi, majani ya mwembe wa mama na manyoya ya yule kuku. Kazi hii hakuiandika mlangoni.

Asichokimaliza ni taa. Panya alikula nyaya za upande wa kushoto, na fundi umeme wake aliziunga ovyo, kwa hiyo taa ya kulia ikiinuka, ya kushoto hungoja sekunde mbili ndiyo ifuate, kama mtu anayekonyeza. Nimerudi mara mbili. Mara ya kwanza fundi umeme hayupo, mara ya pili yupo lakini umeme hakuna.

Kwa mtu wa haraka simshauri. Mwenye gari ya kupelekea watoto skuli kesho asubuhi atafute pengine. Mimi Ijumaa baada ya sala nilimchukua mama, tukatoka Mwanakwerekwe, Tunguu, mpaka Jozani, paa limefunuliwa na kanga kaifunga kichwani mara mbili. Kwenye matuta waliyowekewa kima punju, wale kima wekundu wa msituni, wasigongwe, tulikwaruza bomba la moshi, matuta yote, hata moja halikutusamehe. Mama hakuniuliza habari ya bomba. Aliuliza kama yule kuku akitaka kutaga tena atamwambia nini.