Pampu ya grisi inayosikiliza beringi: uzoefu wangu kwenye mota na feni

Nianze na hukumu yenyewe: kwa mtu anayehudumia mota, feni na pampu zenye beringi za kuongezwa grisi, hiki ni kifaa cha kununua. Ila akinunue akijua mipaka yake. Hakitamchagulia beringi wala grisi, na hakitanyoosha shafti iliyofungwa vibaya. Kinajibu swali moja tu, ambalo mafundi wengi hulijibu kwa kubahatisha: niache lini kusukuma grisi?

Kihisi kinafungwa kwenye mdomo wa pampu na kugusa nipeli, yaani chuchu ya chuma ya kuingizia grisi. Kinanasa mawimbi ya sauti ya karibu 38 kHz, ilhali sikio la binadamu hukomea karibu 20 kHz. Kifaa huyashusha mawimbi hayo hadi sauti inayosikika kwenye hedifoni, na kioo kinaonyesha kiwango kwa desibeli. Faida ya kusikiliza huko juu ni kwamba sauti ya namna hiyo haisafiri mbali ndani ya chuma. Kelele za mkanda, mapanga ya feni na mashine ya jirani zinabaki nyuma, na unachosikia ni gololi au rola zikipita juu ya njia yake, utando wa mafuta ukiwa katikati. Utando ukiwa mwembamba mno, ncha za chuma zinagusana na sauti inapanda. Katika beringi za namna hii utando huo mara nyingi hautimizi hata mikrometa 1, kwa hiyo jicho halina msaada.

Nilivyokitumia kwenye mota ya feni yenye beringi ya gololi ya namba 6312 ndivyo ninavyokitumia hadi leo. Kwanza hesabu, ndipo sikio. Kanuni inayotumika sana kwa nipeli iliyo pembeni ya beringi inasema gramu za kuongeza ni 0.005 mara kipenyo cha nje mara upana, vyote kwa milimita. Beringi 6312 ina kipenyo cha nje cha 130 na upana wa 31, hivyo tunapata gramu 20 hivi. Hicho ndicho kikomo ninachoingia nacho. Pampu nayo lazima ijulikane inatoa gramu ngapi kwa msukumo mmoja, maana zinatofautiana sana. Piga misukumo kumi juu ya karatasi, weka kwenye mizani, gawa kwa kumi, kisha andika jibu kwa rangi kwenye mwili wa pampu.

Baada ya hapo nafuta nipeli kwa kitambaa safi, nafungua kizibo cha kutolea grisi ya zamani upande wa chini, navaa hedifoni. Mwanzoni beringi inatoa mkwaruzo mkavu kama mchanga ukikanyagwa. Nasukuma taratibu, nusu ya msukumo, nasubiri grisi ifike. Mkwaruzo unalainika, namba kwenye kioo inashuka. Nasukuma tena, inashuka kidogo zaidi. Kisha inafika mahali msukumo mwingine haushushi kitu, au namba inaanza kupanda. Hapo naacha, hata kama gramu 20 hazijatimia. Kwenye mota ile hazikutimia.

Wapo watakaouliza: grisi ikizidi ina ubaya gani, si heri izidi kuliko ipungue? Hapa ndipo mashine nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya kikolezo, yaani kitu cha kuyafanya mazito, mfano sabuni ya lithiamu, na kinacholainisha hasa ni yale mafuta yanayochujika kidogo kidogo. Ukijaza nyumba ya beringi hadi pomoni, gololi zinabaki kuikoroga grisi badala ya kuisukuma kando zipate njia. Kukoroga kunazalisha joto, joto linatenganisha mafuta na kikolezo, mafuta yanavuja, na kinachosalia ni uji mgumu usiolainisha kitu. Kanuni ya kawaida ni kwamba juu ya nyuzi joto 70, kila nyongeza ya nyuzi 15 inakata nusu ya muda wa kurudia grisi. Pampu ya mkono nayo ina shinikizo la mamia ya baa, hivyo sili, ile mpira ya kuzuia grisi isitoke, inaweza kusukumwa nje kabla mkono wako haujahisi ugumu wowote. Kwenye mota ya umeme, grisi iliyozidi inaweza kupita hadi kwenye koili. Ukishaifungua mota iliyojaa grisi kwenye koili, hutamvumilia tena mtu anayesema “piga tu hadi itoke.”

Kwa ufuatiliaji, mimi narekodi kiwango cha beringi ikiwa nzima, mzigo na mwendo ukiwa wa kawaida, halafu nasubiri. Ikipanda karibu desibeli 8 juu ya hapo, inaomba grisi. Ikipanda 16 au zaidi, nashuku imeshaanza kuharibika na grisi peke yake haitatosha. Kalenda haijafutwa, ila imekuwa ya kukumbusha kwenda kusikiliza, siyo ya kuamrisha kusukuma.

Jambo ambalo wauzaji hawalielezi ipasavyo ni hili: beringi iliyoharibika nayo hutulia ukiipa grisi. Namba inashuka, unafurahi, unaondoka. Ukirudi baada ya muda mfupi imepanda tena palepale. Beringi yenye kiu ikinyweshwa hukaa chini, ila yenye jeraha haikai. Nilikutana nayo kwenye mota inayoendeshwa na inverta, kifaa cha umeme cha kubadilisha mwendo wa mota. Tulipoikata pete ya nje tukakuta mistari iliyopangana sawasawa kama ubao wa kufulia, alama ya umeme unaopita kwenye shafti na kurukia kwenye gololi. Dawa yake ni beringi yenye kihami au brashi ya kupeleka umeme wa shafti kwenye ethi. Grisi bora kuliko zote isingeiokoa.

Kifaa kimenisaidia zaidi mahali ambapo sikutarajia: kukamata makosa ya usanifu na ufungaji. Kulikuwa na feni ya shafti ndefu, nyumba mbili za beringi, ambayo ilisifika kwa kula beringi. Ikiwashwa baridi, pande zote mbili zilikuwa tulivu. Kadiri ilivyopata joto, namba zilipanda pande zote kwa pamoja, na grisi haikubadilisha chochote. Beringi mbili kuugua kwa mwendo mmoja si jambo la grisi. Tulipofungua tukakuta pete za kuzuia beringi isitembee zimewekwa pande zote mbili. Shafti ya chuma hurefuka karibu mikrometa 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi joto moja. Shafti ya mita 1.5 ikipata joto nyuzi 40 zaidi ya fremu inarefuka milimita 0.7 hivi, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Usipopata, beringi mbili zinasukumana kwa nguvu ambayo hakuna aliyeihesabu. Ndiyo maana upande mmoja hufungwa imara na wa pili huachwa utembee. Tuliondoa pete za upande mmoja, tukaweka beringi mpya, na namba zikakaa mahali pamoja hata feni ikiwa moto.

Nguvu hiyo ya ziada si mchezo. Maisha ya beringi ya gololi hufuata uwiano wa uwezo wake wa kubeba kwa mzigo inaoubeba, ukipigwa kipeo cha 3. Mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha yanabaki sehemu ya nane. Lakini wanaodhani suluhisho ni kuweka beringi kubwa kupita kiasi nao wajihadhari: beringi inahitaji mzigo wa chini fulani ili gololi au rola zake zizunguke badala ya kuteleza. Kwa rola kipimo cha kuanzia ni asilimia 2 ya uwezo wake. Pampu hii itakusikilizisha huko kuteleza vizuri sana, ila dawa yake haina.

Vivyo hivyo kwa mnato wa mafuta, yaani uzito wake wakati wa kutiririka. Chukua ile ile 6312. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, inahitaji mafuta yenye mnato wa takriban 12 mm²/s kwenye joto la kazi. Ukiifunga kwenye shafti ya mizunguko 20 kwa dakika, hitaji linapanda hadi 380 hivi, kwa sababu mwendo wa pole hauvuti mafuta ya kutosha kuingia chini ya gololi. Grisi nzuri ya mota ya kwanza ni maji matupu kwa shafti ya pili. Hata usukume kwa ustadi gani, ukiwa na hedifoni masikioni, umekosea kabla hujaanza. Haya yalianza kueleweka zamani: mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alitoboa tundu la mafuta juu ya beringi ya bushi, ile isiyo na gololi, akaliziba, na mafuta yakakisukuma kizibo nje. Shafti yenyewe ilikuwa inajitengenezea shinikizo la kuubeba mzigo, na Osborne Reynolds akaja kulieleza kwa hesabu mwaka 1886.

Kuhusu kuchanganya grisi pia, kifaa hakitakuonya. Mota nyingi hutoka kiwandani na grisi yenye kikolezo cha poliurea. Mkandarasi mmoja aliyetutangulia alikuwa akisukumia grisi yenye kikolezo kingine, lithiamu kompleksi, kwenye kila nipeli. Nyingi za jozi hizo hazipatani: mchanganyiko unalegea, mafuta yanakimbia. Namba kwenye kioo ilishuka vizuri tu siku ya kusukuma. Kibandiko chenye jina la grisi kando ya nipeli ni kinga bora kuliko kifaa chochote.

Kasoro za kifaa chenyewe sasa. Namba inabadilika ukikibana zaidi au ukikiinamisha, kwa hiyo mtu yule yule asikilize mashine ile ile kwa namna ile ile. Nipeli iliyo mwisho wa bomba refu la kurefushia inaleta sauti hafifu. Hapo natumia kihisi cha sumaku, nakibandika kwenye nyumba ya beringi yenyewe karibu na eneo linalobeba mzigo, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Waya wa hedifoni wa toleo langu ni wa kunasa kila mahali, na karibu na kapulingi (kiungo cha shafti mbili) inayozunguka hilo ni hatari ya kweli, si usumbufu tu. Naupitisha ndani ya ovaroli, mgongoni. Ukipata toleo lisilo na waya, chukua hilo.

Mwisho ni mashine za mwendo wa pole sana. Huko desibeli hazisemi la maana: zinakaa chini muda mrefu, kisha zinaruka kidogo mara moja moja. Naondoa macho kwenye kioo na kusikiliza mpangilio wa sauti tu. Mlio laini usiokatika ni wa beringi nzima. Mdundo unaorudi kila baada ya sehemu fulani ya mzunguko una kovu nyuma yake, na beringi hiyo naiandikia oda ya kubadilishwa, simwongezei mtu gharama ya grisi.