Mgeni kwenye makazi ya wazee: ajichanganye mapema au atulie kwanza?

Mzee akishahamia kuna njia mbili za kuanza, na kila mtu anaitetea yake. Ya kwanza ni kujitosa wiki ileile, mazoezi asubuhi, karata mchana, jioni kwaya. Uzuri wake ni kwamba mwanzoni wote wanajua we mgeni, kwa hiyo kuuliza jina la mtu mara tatu sio aibu, subiri miezi miwili ndo uanze kuuliza uone inavyokuwa kazi. Ila inachosha jamani, hasa kama masikio yameanza kupungua, manake ukumbi wa kula ni kelele za vijiko na viti, mtu anaitikia tu kwa kichwa hajasikia kitu alafu anarudi chumbani hoi.

Ya pili, kutulia. Anapanga picha zake, analilia kidogo nyumba aliyoiacha, anazoea choo kiko upande gani usiku (hili msilidharau, mtu anaamka gizani akili bado iko kwake kwa zamani, anakata kulia kumbe ukuta, anaanguka). Shida yake kutulia kunageuka kujifungia, chakula analetewa chumbani, siku zinakatika hivyohivyo.

Mi naegemea ya pili, kwa sharti moja tu, mlo mmoja kwa siku ale ukumbini, meza ileile. Na kabla hajakaa aulize, manake viti vya pale vina wenyewe hata kama havina majina, na ugomvi wa kiti sio wa kitoto.