DMU ya Ruiru: injini nimeisamehe, mdomo bado

Tangu jioni ile ya mvua kuna neno limenikaa kooni, na leo nalitema.

Treni hizi za DMU, yaani za dizeli ambazo mabehewa yenyewe yana injini, zilipoanza kazi Nairobi mwaka 2020, mimi nilikuwa mtetezi wao. Watu wakisema ni mitumba ya Mallorca, Uhispania, nawajibu mtumba ukichaguliwa vizuri unadumu. Yale mabehewa ya zamani, abiria wakining'inia milangoni, yalikuwa yamenichosha kabisa.

Sasa jioni ile tumetoka mjini tumebanana, Makadara tumeipita, Dandora hatujaiona. Injini za DMU ziko chini ya sakafu, kwa hivyo ukisimama unazisikia nyayoni. Mara nyayo zangu zikanyamaza. Kiyoyozi kikakata, vioo vikajaa ukungu. Dakika kumi, ishirini, hakuna tangazo. Sawa, chuma huchoka.

Mama mmoja mwenye kiondo, amesimama tangu mjini, akamuuliza mkaguzi wa tiketi aliyekuwa akipenya kati yetu: "Mwanangu, gari limeharibika ama tunangoja lingine lipite?"

"Mama, keti. Mwenye haraka apande matatu."

Aketi wapi? Hata pa kuegemea hapakuwapo! Nikamwambia, "Ndugu yangu, mama amekuuliza tu, hajakutukana." Akanigeukia, akadai tiketi yangu, ile ile aliyokuwa ameikagua kabla ya Makadara. Akaimulika kwa simu, akaigeuza mara mbili, akanirudishia bila neno. Mama akainamisha macho. Hakuuliza tena mpaka sakafu ilipoanza kutetemeka.

Nilishuka Githurai nikiapa nimemalizana na treni. Matatu za Thika Road zikanifundisha adabu siku tatu tu, nikarudi. Maana ukweli lazima usemwe: ikiwa nzima, hakuna kitu kitakachokufikisha nyumbani upesi hivi. Ningeipa nyota nne.

Hapana. Nikikumbuka ile "keti", nazifuta zote nne. Mtu amelipa nauli, amechoka, anauliza kwa heshima, unamjibu kama mtoto? Kusema "tumekwama, poleni" kunagharimu nini?

Juzi nilimwona mama yule tena, na kiondo chake. Treni ikasimama kidogo karibu na Mwiki. Mkaguzi alikuwa hatua mbili kutoka kwake, lakini mama akanivuta mkono wa koti, akaniuliza mimi.