Sensa ya joto la nje: uzoefu wangu baada ya kubadilisha

Kwa mwenye gari la kiyoyozi cha otomatiki hapa Dar es Salaam, sensa ya joto la nje si pambo la dashibodi. Gari langu, ambalo lilitoka Japani likiwa limeshatumika, lilianza kuonyesha nyuzi 30 chini ya sifuri katikati ya joto la Januari, na papo hapo kiyoyozi kikaacha kupoza. Gereji ya kwanza ilitaka kunijazia gesi bila hata kupima presha, nikaondoka.

Fundi umeme niliyemwendea baadaye alianzia nyuma ya bampa la mbele, ambako sensa hufungwa mbele ya kondensa (kipoza gesi ya kiyoyozi) na rejeta ili ipigwe na upepo ambao haujapashwa na injini. Ni kidude kidogo cha plastiki chenye waya mbili, na kilichomo ndani ukinzani wake, yaani uzuiaji wake wa umeme, hushuka kadiri joto linavyopanda. Kompyuta hupitisha humo umeme mdogo, kwa kawaida wa volti 5, husoma badiliko la volti, kisha huligeuza kuwa nyuzi. Njia ya umeme ikikatika, kompyuta huliona hilo kama baridi kali kupindukia, na kwa kuwa kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, huzuiwa isiwake kwenye baridi ya namna hiyo, kiyoyozi hupuliza hewa ya kawaida ingawa gesi imejaa.

Sensa ya zamani haikusogeza multimita, yaani kipimo cha umeme cha fundi, hata kidogo. Ile mpya, niliyoinunua eneo la Gerezani, fundi aliifumbata kiganjani na namba za ukinzani zikaanza kushuka; alipoigusisha kwenye chupa ya maji baridi, zikapanda. Tuliifunga, na kompresa ikawaka. Gharama yote haikufika hata nusu ya ile gesi niliyotajiwa.

Tangu hapo nimeridhika nayo, ila anayeitarajia iwe kipimajoto cha hali ya hewa atakwazika. Kwenye foleni ya Ubungo hupanda hadi nyuzi 37 wakati simu inasema 31, kwa sababu joto la lami na la injini huizingira. Gari likishika mwendo, hushuka taratibu hadi ikaribiane na ukweli. Magari mengi yameundwa ili kupunguza kosa hilo, kompyuta ikichelewa kuamini ongezeko la joto gari linapokwenda polepole.

Kasoro niliyoiona ni kibanio chake, ambacho hakikukaza vizuri kwenye tundu la bampa, ikabidi fundi aongeze kamba ya plastiki.