Yamaha DT 175 yangu, baada ya miezi 14

Kwetu Sabatia tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila alipohitaji kupandishwa, baba alimtuma mtu sokoni Chavakali kumwita daktari wa ng'ombe. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu ilikuwa kutega sikio. Kabla hajavuka daraja la mtoni ungeusikia mlio, mwembamba na mkali, ukipanda na kukatika kila alipobadilisha gia. Hapo nilitimua mbio kufungua lango. Alikuja na Yamaha DT 175 yenye tangi lililochubuka rangi pale magoti yanapobana, na nyuma kwenye keria alikuwa amefunga mtungi wa mbegu za fahali kwa mpira wa tairi. Akifungua kifuniko, ukungu wa naitrojeni ulimwagika hadi miguuni pake. Akiondoka, harufu ya oili iliyoungua ilibaki uani kitambo kizima, nami sikutaka kuitwa ndani mpaka iishe.

Sasa ninayo ya kwangu. Niliinunua mwaka jana kwa mzee mmoja mstaafu wa Bungoma kwa shilingi 140,000, pesa nilizoweka kwenye chama, 2,000 kila mwezi, karibu miaka sita. Namba yake inaanza na KA, ya enzi zile pikipiki zilipewa namba pamoja na magari, kabla ya hizi za KM. Mzee aliitoa kwenye kibanda cha kuku, akaipangusa kwa shati lake kuukuu, akanifundisha kuiwasha: "Mwalimu, vuta choki, usiguse mafuta, halafu piga kiki moja ya ukweli." Nilipiga ya kwanza kwa woga, ikakataa. Ya pili iliitika, na mlio ulikuwa uleule. Nilisimama pale nimeshika mpini, machozi yananilengalenga, na mzee akajua kugeuka akaangalia mahindi yake.

Kwa wasioijua: ni injini ya sentimita za ujazo 171, ya tu-stroki, inayopozwa kwa upepo. Katika Boxer na TVS, pikipiki za boda zilizojaa pale Kondele, Kisumu, plagi huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Kwenye DT huwasha kila mzunguko. Ndiyo maana chombo chepesi hivi kina nguvu ya kukushtua. Ukienda polepole ni mpole, hata utadhani kimechoka. Ongeza mafuta kidogo zaidi, sauti inabadilika, na mikono inahisi kuvutwa.

Ninakaa Mamboleo, hapa Kisumu, kwa hiyo kipimo changu ni mlima wa Riat kwenye barabara ya Kakamega. Miaka mingi nimeupanda nikiwa abiria wa boda, dereva ameshusha gia hadi ya pili, mimi nimeinama mbele kana kwamba namsaidia kusukuma. Sasa naupanda mwenyewe, napita malori yanayokohoa, na nikigeuza kichwa naliona ziwa lote chini hadi upande wa Dunga. Hilo peke yake linatosha kuwa thamani ya nusu ya pesa yangu.

Nusu nyingine iko kwenye murram. Tairi la mbele ni la inchi 21, jembamba na refu, linapanda juu ya mawe badala ya kujigonga, na shokomzoba ya nyuma ni moja tu, imelala chini ya kiti. Ile njia ya kwetu kutoka lami hadi nyumbani, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha, nimeipita Aprili bila kuanguka hata mara moja. Kiti kiko juu. Mimi si mrefu, basi nikisimama kwenye taa naweka mguu mmoja tu chini na kukaa upande. Nilizoea ndani ya wiki mbili.

Lazima nieleze lililonipata mwezi wa kwanza, maana anayeota pikipiki hii anaweza kupatwa nalo kesho.

DT ina tangi dogo la oili peke yake, na pampu inayoingiza oili hiyo kwenye injini. Pampu inafuata waya wa mafuta, ule unaovutwa na mpini, na mwendo wa injini: ukikaza, inaongeza. Kwa hiyo huchanganyi oili na petroli kwa mkono. Tangi langu la oili lilikuwa limejaa, nikatulia. Nikajaza petroli tupu Kisumu, nikaelekea Majengo. Kabla ya Kiboswa niliisikia ikilegea, kama mtu anayepumua puani akiwa na mafua. Nikaongeza mafuta. Mara tairi la nyuma likashikana, likachora mstari mweusi barabarani. Kidole changu kilivuta klachi kabla sijawaza lolote, nikaserereka hadi pembeni kwenye nyasi. Nilikaa pale mikono inatetemeka, harufu ya chuma cha moto imenijaa puani.

Fundi wangu alipofungua kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, tulikuta pampu imefungwa. Fundi fulani wa zamani, hata mzee hakumjua vizuri, aliiondolea waya wake na kuiziba mpira, akawa anachanganya oili ndani ya tangi la petroli. Hakumwambia mtu. Ndiyo sababu oili ya kwenye tangi ilikuwa imejaa: haikuwa ikienda popote. Nilikasirika, na bado nina hasira naye. Kazi iliyofichwa namna ile inaweza kumuua mtu.

Pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wa egzosi, michirizi mirefu ambayo ukucha unashika. Silinda ikapanuliwa kwa robo ya milimita, pistoni ya saizi hiyo ikaagizwa Kirinyaga Road Nairobi, ikaja na basi. Pampu tukairudisha. Kila kitu pamoja na ufundi kilinigharimu 19,000. Tangu hapo imetembea zaidi ya kilomita 6,000 bila kukataa kuwaka asubuhi.

Kwa hiyo ukienda kununua, kabla hujahesabu noti, fungua kile kifuniko. Mwambie muuzaji azungushe mpini wa mafuta, uangalie kama gurudumu dogo la pampu linazunguka nayo. Fuata mrija wa oili kwa macho, uone una oili wala hauna mapovu. Soma namba ya chasisi kwenye shingo ya usukani, ulinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Na muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ukiwa umekaa naye, siyo "nitakutumia jioni".

Jambo jingine la kujifunza ni mteremko. Injini ya tu-stroki haikushiki ukiachilia mafuta, inakuachia uende. Halafu ukishuka mlima mrefu umefunga mafuta kabisa, oili nayo inaingia kidogo mno wakati injini inazunguka kwa kasi. Nikishuka Riat, au ule ukingo wa Nandi kuelekea Chemelil, nagusa mafuta kidogo kila baada ya muda ili injini inywe oili, na breki nazitumia mapema, kwa kuachia na kushika.

Desemba niliipeleka Nakuru kwa dada yangu kupitia Eldoret. Kufika Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ilianza kubanwa na kurusha moshi. Hewa ya kule ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa Kisumu inamwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi ilitoka nyeusi na imelowa. Niliipangusa, nikaenda taratibu, na iliposhuka upande wa pili ikarudi hali yake. Ukiishi juu huko, mwambie fundi akuwekee jeti ndogo zaidi, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli.

Mafuta inakunywa. Kwa mwendo wangu lita moja ya petroli hunipeleka kilomita 25 hivi, na lita ya oili hunifikisha kama 900. Mtu wa boda anayehesabu kila shilingi asiiguse. Boxer itamlisha vizuri zaidi. Ni pikipiki ya mtu ambaye barabara yake ni mbaya, au ambaye amekuwa akiisikia kichwani tangu utotoni.

Siku ya kwanza niliyoipeleka Sabatia sikumwambia mtu. Nilivuka daraja, nikashusha gia palepale alipokuwa akishusha yule daktari. Mama alikuwa zizini akikamua. Kaka yangu anasema alipousikia mlio aliacha chuchu, akapaza sauti: "Nani amemwita daktari? Huyu si ana mimba tayari!" Akatoka na ndoo mkononi, akanikuta ninavua helmeti. Hakusema neno. Aliweka ndoo chini, akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akaupitisha mkono kwenye tangi, pale rangi ilipochubuka.

Tangi sitalipaka rangi. Ninalobadilisha ni tairi la nyuma kabla ya mvua za Machi. Nimeshalilipia, linakuja na basi la Ijumaa.