Semina ya Afya ya Usharika, Tabora: Somo Zuri, Walioalikwa Wachache

Mimi ni katibu wa Baraza la Wazee katika usharika mmoja wa Kimoravian hapa Tabora mjini, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya wazee wa sharika nyingine ambao wamepokea barua ya kualikwa katika semina ya siku tatu ya afya ya usharika (si afya ya mwili, bali namna usharika unavyogawana kazi zake na kujiendesha) na bado wanajiuliza kama fedha ya washarika itakwenda mahali panapostahili. Sisi tulihudhuria mwezi Oktoba tukiwa watu 18, kwa ada ya shilingi 15,000 kwa kila mshiriki, ikiwa ni pamoja na kijitabu, chai na chakula cha mchana. Chakula hakina lawama: chai ya saa nne ililetwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, jambo ambalo wageni kutoka nje ya mkoa walilifurahia kuliko mkate. Ukumbi ulikuwa na joto kali, na feni moja iliyokuwapo ilielekezwa kwa wakufunzi.

Zoezi la siku ya kwanza ndilo lililobeba semina nzima. Mkufunzi alibandika karatasi za manila ukutani, akatutaka tuandike kila kazi inayofanyika katika usharika wetu tangu Jumatatu hadi Jumapili, na mbele ya kila kazi jina la anayeifanya. Tulidhani ni jambo la dakika kumi. Tuliandika kufungua kanisa, kupiga kengele, kuhesabu sadaka, kutembelea wagonjwa katika hospitali ya Kitete, kufundisha shule ya Jumapili, kuandaa mazishi, kujaza maji ya chooni, na tulipofika kazi ya 23 jina la mchungaji lilikuwa limejitokeza mara tisa na langu mara sita, ilhali mbele ya kazi ya maji tulikuwa tumeandika "mama mmoja" tu, kwa kuwa hakuna mzee hata mmoja aliyelijua jina lake. Mkufunzi hakutukemea. Aliuliza swali moja: mchungaji akilazwa wiki mbili, nani atazika? Mwenyekiti wetu alivua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta tena.

Katika mafundisho ya Biblia, Matendo sura ya 6 ilisomwa kama inavyosomwa kila mahali, wale saba wa kusimamia ugawaji wa chakula wakachaguliwa, tukaendelea. Nehemia sura ya 3 ndiyo iliyotushika, sura ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu ni orodha ya majina ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Mkufunzi alitusomesha polepole: kuhani mkuu na ndugu zake walijenga Lango la Kondoo, wafua dhahabu wakashika sehemu yao, Shalumu akafanya kazi pamoja na binti zake, wengine wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na wakuu wa Watekoa waliokataa kuinamisha shingo nao wakaandikwa kwamba walikataa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Wagalatia sura ya 6 ilitupa mjadala ambao haukuwamo katika kijitabu. Mstari wa 2 unatutaka tuchukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, na mkufunzi alikuwa akihangaika kuzipatanisha kauli hizo mbili mpaka bibi mmoja wa usharika wa jirani akaomba nafasi. Alisema kwamba Mnyamwezi hapaswi kufundishwa tofauti hiyo, kwa maana mpagazi wa zamani aliyetoka hapa kwenda pwani alibeba mzigo wa msafara, pembe au majora ya nguo, na pamoja nao alikuwa na furushi lake la mkeka, chungu na unga. Mzigo ukimwelemea wenzake wanaweza kugawana, ila mkeka wake ataukunja mwenyewe. Mkufunzi aliandika maneno hayo katika daftari lake, na kwa hilo nampa heshima.

Upungufu upo. Mifano mingi ilitoka katika makampuni na katika makanisa ya miji mikubwa yenye meneja wa kuajiriwa, ilhali sisi Wamoravian tuna mfano wetu wa mwaka 1727 huko Herrnhut, Ujerumani, ambako wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na zamu hizo zikadumu zaidi ya miaka 100. Haukutajwa hata kidogo. Suala la fedha lilipewa nusu saa ya mwisho, watu wakiwa tayari wanatazama mabasi ya kurudi Urambo na Sikonge, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu usharika mwingi huugua kupitia daftari la sadaka ambalo mtu mmoja analiandika, analifunga na kulihifadhi peke yake.

Hata hivyo lawama yangu kuu ni barua ya mwaliko yenyewe, iliyotaka wachungaji, wazee na viongozi wa idara peke yao. Siku tatu tulifundishwa kwamba afya ya usharika ni kazi ya wote, na katika ukumbi hapakuwa na mpiga kengele wala kijana wa kwaya asiye na cheo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ada ilipwe bila kusita, lakini kabla ya kuilipa waandikieni waandaaji mkitaka theluthi moja ya nafasi zenu iwe ya washarika wasio na uongozi. Sisi tulipouliza tukiwa tumeshafika, tulijibiwa kwa upole kwamba viti vimekwisha.

Karatasi ya manila tumeibandika ofisini. Pale palipoandikwa "mama mmoja" sasa pana jina lake kamili, kwa kalamu ya rangi nyingine, na chini yake yameongezwa majina ya vijana wawili wanaochota naye maji siku ya Jumamosi.